Uzoefu wa Meno ya Kingojania

Nchi ya Ngojania haimo katika ramani yoyote mliyonayo nyumbani, kwa hiyo msijisumbue kuikunjua. Iko mbali, ina baridi, na serikali yake ni nzuri sana. Nalisema hili mapema, ili atakayesikia kitu kinachofanana na nchi nyingine ajue kwamba kosa ni la masikio yake.

Wangojania ni watu wapole wenye kila kitu: barabara, umeme, maziwa, na mabenchi ya kukalia kila kona. Walichokosa ni madaktari wa meno. Waliokuwepo walizeeka wakastaafu, na vijana wa nchi hiyo hawakuitaka kazi ya kuchungulia vinywa vya watu. Basi meno ya taifa yakaoza taratibu. Watu wakawa wanatafuna upande mmoja. Wimbo wa taifa ukawa unaimbwa kwa kuguna, midomo imefungwa, maana upepo wa baridi ulipowaingia mdomoni kwenye ubeti wa pili, uwanja mzima ulitokwa na machozi, na mabalozi wa nje wakaandika kwao kwamba hawajapata kuona uzalendo kama ule.

Ndipo Waziri wa Ukarimu na Udhibiti, Mheshimiwa Tambarare, alipotangaza dunia nzima. Alitokea kwenye televisheni, shavu moja limeumuka kama andazi, akasema: "Enyi wataalamu wa meno, njooni! Ngojania inawahitaji. Milango yetu iko wazi, na vinywa vyetu pia viko wazi!"

Tunu Makame aliliona tangazo hilo akiwa kazini, katika hospitali ya wilaya ya kisiwani kwao. Alikuwa daktari wa meno mwenye mkono mwepesi. Watu walikuwa wanasema kwake hujui kama jino limetoka mpaka ulione kwenye sinia. Lakini hospitali yenyewe ilikuwa na kiti kimoja, na kiti hicho kilikuwa hakishuki kikipanda, hivyo wagonjwa warefu waliteremka kwa kuruka. Tunu akawaza: huko wanaita watu, tena kwa heshima. Mama yake, Bi Mwanaache, ndiye aliyemwambia, "Nenda mwanangu. Meno ni meno."

Hapo ndipo bibi wa watu alipokosea.

Kwenye uwanja wa ndege wa Ngojania walimpokea kwa skafu ya sufu, kibendera na tabasamu la upande mmoja. Wakamvisha shingoni kitambulisho kilichoandikwa MGENI MSUBIRI, na Waziri mwenyewe akampa mkono mbele ya wapiga picha. "Kuanzia leo," akasema, "wewe ni mwenzetu, isipokuwa kwa mambo yatakayotajwa baadaye."

Mambo hayo yalitajwa kesho yake asubuhi, kwenye Dirisha la Ukaazi wa Kudumu. Karani wa dirisha aliitwa Bwana Subirani, mtu mnene, mtaratibu, anayeongea huku ameegemeza shavu kiganjani.

"Ili upate ukaazi wa kudumu, mama," akaeleza, "lazima uwe unafanya kazi ya taaluma yako."

"Hilo jema," Tunu akasema. "Mimi niko tayari hata leo."

"Ili ufanye kazi ya taaluma yako, unahitaji leseni ya Bodi ya Vinywa."

"Nitaiomba."

"Bodi haimpi leseni mtu asiye na uzoefu wa meno ya Kingojania."

"Bwana, mimi nimeng'oa meno tangu nikiwa msichana."

"Ya kwenu hayo."

"Kwani yana tofauti gani na ya hapa?"

Bwana Subirani alitazama kushoto na kulia, kama mtu anayetaka kutoa siri ya jeshi. "Ya hapa," akanong'ona, "yanauma Kingojania."

"Na uzoefu huo unapatikana wapi?"

"Kazini."

"Na kazi?"

"Ukiwa na leseni. Au ukiwa na ukaazi wa kudumu. Ukishakuwa nao hawakuulizi maswali mengi."

"Sasa bwana wangu, mtu anaanzia wapi?"

"Wengi," akasema Bwana Subirani kwa upole, "wanaanzia kwenye lile benchi pale."

Tunu akageuka. Benchi lilikuwa refu, na waliolikalia walisogea kumpa nafasi, kila mmoja na kitambulisho chake shingoni. Hakuwa mtu mbaya, yule Bwana Subirani. Siku za baridi kali alikuwa anawapelekea chai, na mara moja alimwuliza Tunu kwa siri kama gego likipwita upande wa chini maana yake nini. Tunu akamwambia afungue mdomo. Akakataa katakata: sheria ilisema mgeni msubiri haruhusiwi kuingiza mkono katika kinywa cha raia mwenye kura, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga chapa.

Lakini mtu hali benchi. Tunu akaenda Ofisi ya Ajira kwa Wasubiri, akapokewa na mama mmoja mchangamfu aliyesoma vyeti vyake vyote kwa sauti, akavipongeza kimoja kimoja, kisha akapiga makofi.

"Meno! Una bahati dada yangu. Tuna nafasi palepale kwenye sekta ya meno."

Wakampeleka Kiwanda cha Peremende cha Taifa.

Basi daktari wa meno akawa anafunga tofi. Zilikuwa tofi ngumu, za kunata, zenye rangi za bendera, na kila mtoto wa shule alikuwa anagawiwa ili aipende nchi. Tunu alisimama kwenye mkanda unaozunguka, akizungusha karatasi ncha hii na ncha ile, na kila tofi iliyopita mkononi mwake alijua jino lipi itakwenda kulitoboa. Msimamizi alimsifu kwa wepesi wa vidole. Akapewa bango la Mfanyakazi Bora na mfuko mkubwa wa tofi.

Nyumba alipanga na Injinia Pius Mtweve, mtu wa milimani, mcheshi, aliyejenga madaraja kwao mpaka akachoka kukata utepe. Wangojania walimwita kwa shangwe ileile, kwa sababu daraja lao kuu lilikuwa na ufa na hapakuwa na injinia wa kulitazama. Kwa kuwa naye hakuwa na uzoefu wa ufa wa Kingojania, walimpa kazi ya kusimama mbele ya daraja hilohilo na kibendera chekundu, akiwaambia watu wasipite.

"Wananiuliza, limefungwa mpaka lini?" Pius alisimulia jioni huku akipuliza uji. "Nawajibu kama nilivyofundishwa: mpaka apatikane injinia. Wananipa pole, dokta. Wananiambia, 'Vumilia kijana, atakuja.'"

Walicheka mpaka uji ukapoa. Kicheko kilikuwepo tele nyumba ile, maana kuni za kuota zilikuwa ghali. Ila kulikuwa na jambo moja lililokuwa halimchekeshi Tunu. Kila alipokaa peke yake alikuwa anakunja na kukunjua vidole, anakamata kijiko kama koleo, anakizungusha hewani, anavuta. Aliogopa mikono yake isije ikasahau. Mikono haikuambii siku inayosahau. Unakuja kugundua mtu ameshakaa kwenye kiti.

Na mama yake hakuwa anasaidia kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, hao Wangojania umewang'oa?"

"Bado mama. Wananipanga."

"Wanakupanga wapi? Huku Bi Mgeni jino lamtesa, hataki mwengine, asema atakungoja wewe. Nimwambie nini?"

"Mwambie asukutue maji ya chumvi."

"Na wewe huko wafanya nini mchana kutwa?"

"Niko sekta ya meno, mama," Tunu akajibu, na hakuwa amesema uongo. Alipokata simu alikaa kitandani, bango la Mfanyakazi Bora likimtazama ukutani, akalia kidogo, akanawa uso, akaenda zamu.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya farasi.

Rais wa Ngojania alikuwa na farasi mweupe aitwaye Shupavu, ambaye kila Sikukuu ya Taifa alimbeba Rais mbele ya majeshi. Sanamu yake ilikuwa kwenye sarafu, upande wenye heshima zaidi, na Rais akawekwa nyuma. Shupavu alikuwa anapenda tofi. Kiwanda kilimpelekea kasha zima kila wiki, na wiki moja kabla ya Sikukuu mpelekaji alipougua, Tunu akatumwa badala yake.

Alimkuta Shupavu amesimama kona ya banda, kichwa kimeinama upande mmoja, mate yanachuruzika, shayiri imemwagika chini mbele yake. Karibu naye alikaa mtunza farasi, Bi Kwatuka, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, analia waziwazi.

"Hali kitu," akasema. "Jana amemrusha mpiga tarumbeta juu ya paa. Rais atampandaje? Wataninyonga."

"Daktari wa mifugo hajaja?"

"Huyo hapo."

Daktari wa mifugo alikuwa nyuma ya farasi, mpole, na kofia mkononi. Akaeleza kwamba kwa mujibu wa muundo wa utumishi, yeye anahusika na mnyama kuanzia shingoni kwenda mkiani. Kinywa ni cha Bodi ya Vinywa. Na Bodi ya Vinywa ilishaulizwa, ikajibu kwa barua nzuri kwamba farasi si mtu.

Tunu aliweka kasha chini. Alimtazama mnyama anavyopeleka ulimi upande mmoja na kuukwepesha mwingine, na jambo fulani likaamka kifuani mwake. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Gego la nyuma, juu, kushoto.

"Bi Kwatuka," akauliza polepole, "huyu farasi ana kura?"

Bi Kwatuka akafuta machozi, akafikiri. "Alipiga mara moja, uchaguzi uliopita. Lakini walisema ilikuwa makosa ya uchapaji."

"Basi si raia mwenye kura."

"Kwa sasa, hapana."

"Na ukaazi?"

"Ukaazi wa kudumu anao, dada yangu. Alipewa siku aliyozaliwa."

Tunu akavua glavu za kiwandani. Aliomba maji ya moto, sabuni, kipande cha mti kilichozungushiwa kitambaa, na lile koleo refu la kung'olea misumari ya kwato. Daktari wa mifugo, aliyekuwa mtu mwema chini ya muundo wa utumishi, alikubali kumchoma Shupavu sindano ya usingizi begani, kwa kuwa bega lilikuwa ndani ya mipaka yake. Farasi akalegea, macho nusu. Bi Kwatuka akamkumbatia kichwa na kuanza kumwimbia.

Tunu akaingiza mkono katika kile kinywa kikubwa chenye joto, na mkono ukatetemeka. Akautoa. Akauosha tena, ingawa ulikuwa safi. Mpole yule wa mifugo akaangalia pembeni ili asimwaibishe. Tunu akavuta pumzi, akaingiza tena, akaligusa lile gego kwa kidole: limepasuka katikati, limejaa tofi ya rangi za bendera. Koleo likashika. Akalitikisa kwa nje, akalitikisa kwa ndani, bila pupa, na mahali fulani kati ya tikiso moja na jingine aligundua kwamba mkono ulikuwa umeshaacha kutetemeka wenyewe na unafanya kazi yake bila kumwuliza. Jino likatoka zima na mizizi yake, kubwa kama ngumi ya mtoto.

"Tayari," akasema.

"Tayari nini?" akauliza Bi Kwatuka, ambaye alikuwa hata hajamaliza ubeti.

Jioni Shupavu alikula shayiri yake, akala ya jirani yake, akalamba na ndoo. Siku ya Sikukuu alimbeba Rais mbele ya majeshi kwa madaha, hata Rais mwenyewe akaonekana mrefu. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba farasi wa nchi alipata hitilafu ndogo ya kinywa ambayo ilitatuliwa papo hapo na mtaalamu mahiri wa Kingojania.

Nyumbani, Pius aliweka chini kibendera chake, akasimama, akamwinamia Tunu. "Hongera, mwananchi. Umekuwa Mngojania kwa taarifa ya habari nzima."

Asubuhi yake akaitwa Bodi ya Vinywa kwa kosa la kuganga bila leseni.

Wajumbe walikuwa wazee watupu, wamekaa nyuma ya meza ndefu, na karibu kila mmoja alikuwa ameshika sehemu fulani ya uso wake. Mwenyekiti, Profesa Kanunia, alisimama akazungumza kwa muda unaotosha kupika maharage. Alizungumzia historia ya kinywa tangu enzi za kale, utukufu wa ulimi, na hatari ya mikono ya kigeni. "Iwapo kila ajaye atatia mkono," akanguruma, "kinywa cha taifa kitabaki na faragha gani?" Hapo akashika taya, akakaa ghafla.

"Mshtakiwa, una la kusema?"

Tunu alikuwa amevaa skafu ya uwanja wa ndege. Adhabu ya kosa lile ilikuwa kufutiwa nafasi kwenye benchi na kurudishwa kwao kwa ndege ya kwanza. Lakini sauti yake ilitoka vizuri.

"Waheshimiwa, nina maswali tu. Redio ya Taifa imesema jino la Shupavu liling'olewa na mtaalamu wa Kingojania. Je, Redio ya Taifa imesema uongo?"

Mjumbe mmoja akajifanya anaokota kalamu chini ya meza, na hakurudi.

"Redio ya Taifa," akasema Profesa Kanunia kwa uangalifu, "haijawahi kusema uongo."

"Ahsante. Na meno ya Shupavu, farasi wa Rais, aliye kwenye sarafu: ni meno ya Kingojania, au si ya Kingojania?"

Dirishani alionekana askari wa ikulu akipita, pengine kwa shughuli zake tu. Wajumbe wakatazamana. Kusema si ya Kingojania ilikuwa uhaini. Kusema ni ya Kingojania ilikuwa balaa jingine, na wote waliliona linakuja, lakini balaa hili angalau halikuwa na gereza ndani yake.

"Ni ya Kingojania," akasema Profesa Kanunia. "Ni ya Kingojania kuliko yote."

"Basi waheshimiwa, ninao uzoefu. Niliupata kinywani mwa wa juu kabisa."

Bodi ikaenda kunywa supu, chakula pekee ilichokuwa inakiweza, ikarudi na uamuzi. Kwa kuwa haikuweza kumpa mgeni msubiri leseni ya watu, na haikuweza kumnyima fundi wa Shupavu, ilimpa leseni mpya ambayo haikuwahi kuwepo: Daktari wa Meno ya Farasi wa Taifa na Viumbe Vingine Vyenye Heshima. Wakapiga makofi, wakaridhika, wakadhani wameyafunga mambo.

Aliyechungulia kwanza alikuwa mjumbe wa chini ya meza. "Samahani," akauliza, "hivyo viumbe vingine vyenye heshima... Bodi ilikuwa inafikiria nani, hasa?"

Profesa Kanunia akaguswa na jambo fulani ndani ya taya lake, akafumba macho, akatafakari heshima yake mwenyewe.

"Sheria," akasema, "haikutaja."

Mtu asisimuliwe kilichotokea baada ya hapo kama hajapata kuona Wangojania wakipanga foleni. Tunu alifungua kliniki katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na kabla hajabandika kibao mtaa ulikuwa umejaa. Kila mtu mlangoni alitakiwa kutamka kwa mdomo wake kwamba yeye ni kiumbe chenye heshima, na hapo watu wengi wa nchi ile waliambiwa "ndiyo, wewe ni wa heshima, pita" kwa mara ya kwanza maishani mwao. Waziri Tambarare alikuja usiku na miwani myeusi. Walimu walikuja, wachinjaji walikuja, Profesa Kanunia alikuja na mto wake wa kuegemea. Kiwandani tofi zilianza kubaki.

Injinia Pius naye hakukaa bure. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapita darajani, alikuwa anashuka chini yake kila siku na ndoo ya zege, akiziba na kufunga na kukaza, mpaka wakaguzi walipokuja wakatoa taarifa kwamba daraja limepona lenyewe. Kazi yake ikaisha palepale. Wakamshukuru kwa usimamaji uliotukuka, wakampandisha cheo, wakampeleka kusimama mbele ya daraja kubwa zaidi, bovu zaidi. Alikwenda anapiga mluzi, ndoo begani.

Bi Mgeni, kule kisiwani, jino lake liling'olewa na daktari kijana aliyeletwa wilayani. Alimpigia Tunu mwenyewe kumwomba radhi, kwamba hakuwa amekata tamaa naye, ila lilizidi. Tunu akamwambia hapana ubaya. Baada ya simu alichukua kijiko, akakizungusha hewani, maana jino lile alilitamani.

Basi siku moja ya jua jepesi, katikati ya foleni, alipita mlangoni mtu mnene, mtaratibu, kiganja shavuni. Bwana Subirani alisita kwenye kizingiti.

"Mimi sijui kama ni kiumbe chenye heshima," akasema. "Nimekaa kwenye lile dirisha miaka mingi."

"Ulituletea chai," Tunu akamjibu. "Pita bwana, kaa."

Akakaa. Alikuwa na habari, ilionekana usoni, amebeba bahasha kifuani kama mtu anayebeba mayai. Lakini alikuwa mwoga wa sindano, na Tunu aliwajua waoga: hawapewi nafasi ya kuongea, maana wakianza kuongea wanaondoka. Kabla hajafungua bahasha, ganzi ilikuwa imeshaingia, midomo imelala, pamba imejaa.

"Uhaazi waho," akasema Bwana Subirani.

"Tulia bwana. Hutasikia kitu."

"Uhaazi waho umehita!"

"Najua, najua. Linauma, lakini linaondoka sasa hivi." Koleo lilishashika. Akatikisa kwa nje.

"Umehita! Jana! Waziri ameheha sahihi!" Bwana Subirani akapunga bahasha hewani, machozi yanamtoka. "Wa huhumu! Wa huhumu, mama!"

Tunu akatikisa kwa ndani. Hapo ndipo maneno yalipomfikia, moja moja, kama watu wanaochelewa kuingia chumbani na kutafuta viti: ukaazi, umepita, wa kudumu. Alisimama vilevile alivyokuwa, mgonjwa mdomo wazi, kicheko na kilio vikigombania koo moja. Vidole vyake havikutikisika hata kidogo.

"Nimekusikia, bwana Subirani," akasema hatimaye. "Nimekusikia vizuri. Sasa usiongee. Hili gego lako limeoza, acha nilitoe kwanza."

Akavuta.